Midomo ya steringi, koo la mwingine

Anayetazama picha ya Awaara ya 1951 humwona mwigizaji Raj Kapoor akizurura barabarani huku akiimba, na koo ni la mwimbaji Mukesh. Hilo wapenzi wengi wa picha za Kihindi wanalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba siku wimbo ulipoimbwa, kamera haikuwapo kabisa. Na sehemu kubwa ya utamu wa nyimbo zile, fidla zikivuma kwa mbali na filimbi ikisogea karibu na sikio, ilitokana na mahali mtu alipowekwa kusimama au kuketi mbele ya maikrofoni chache.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Alam Ara, picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilitoka Bombay 1931, na humo mwigizaji aliimba papo hapo mbele ya kamera. Wapigaji walijibanza nje ya fremu, na mwigizaji hakuweza kusogea mbali na maikrofoni iliyofichwa. Matokeo yake ni picha zinazosimama tuli kila wimbo unapoanza. Mwaka 1935 kampuni ya New Theatres ya Calcutta, katika Dhoop Chhaon, ilirekodi wimbo kwanza, kisha ikawapigia waigizaji wafuatishe kwa midomo. Hata hivyo waigizaji waimbaji hawakutoweka mara moja. K. L. Saigal aliendelea kujiimbia hadi alipofariki Januari 1947.

Kazi ilianzia kwenye kikao cha mtunzi, mwongozaji na mshairi, hamoniamu ikiwa katikati. Mara nyingi lahani ilitangulia, mshairi akajaza maneno juu yake. Kwa aliyezoea tarabu, ambako shairi kwa kawaida huja na mizani yake na lahani hulifuata, huu ni mwendo wa kinyumenyume. Labda ndiyo sababu lahani hizo zilihama kwa urahisi: tayari zilikuwa nguo zinazongoja mvaaji, na Juma Bhalo wa Mombasa alizivika Kiswahili zikakaa vizuri.

Mwimbaji alijifunza wimbo kwa sikio. Lata Mangeshkar alinakili maneno kwa mkono wake, kwa herufi za Kidevanagari zinazoandikia Kihindi, hata shairi likiwa la Kiurdu. Ukiandika mwenyewe unajua pumzi utaitia wapi. Jambo la pili ni kujua unamwimbia nani. Mwimbaji Mohammed Rafi anayemwimbia mchekeshaji Johnny Walker katika picha ya Pyaasa (1957) ana kicheko kilichojificha puani, na maneno huyaachia kama mchuuzi anayenadi bidhaa. Rafi wa mwigizaji Shammi Kapoor huruka na kukatiza neno ghafla, maana anajua kichwa na mabega vitarukaruka papo hapo. Anayesema Rafi alikuwa na sauti moja hajasikiliza vizuri.

Wakati huo mpangaji muziki alikuwa akiandika sehemu ya kila chombo. Sebastian D'Souza, aliyewafanyia kazi watunzi Shankar-Jaikishan na O. P. Nayyar, alitoka Goa, kama wapigaji wengi wa fidla na tarumbeta wa Bombay, watu waliofundishwa kusoma noti katika shule za parokia. Wapigaji wa vyombo vya Kihindi, tabla, sitar na sarangi, walishika kwa sikio. Basi ukumbi mmoja ulikuwa na watu wa aina mbili: wanaosoma na wanaokumbuka. Noti moja iliyonakiliwa vibaya haikujulikana hadi mazoezi yaanze, na hapo makumi ya watu walikaa wakisubiri karatasi moja irekebishwe.

Ukumbini ndiko kwenye utamu wenyewe. Sauti zote ziliingia pamoja kwenye mkondo mmoja, mono, na fundi sauti alizipima papo hapo. Hakuna kuja kesho kupunguza ngoma ya dholak. Wapenzi wa nyimbo hizi wangepaswa kuwajua mafundi sauti Minoo Katrak na Robin Chatterjee kama wanavyowajua waimbaji. Majina yao yamo kwenye maandishi ya mwanzo wa picha nyingi. Chombo cha fundi ni umbali. Ukiongeza mara mbili umbali kati ya chombo na maikrofoni, sauti inayofika moja kwa moja hushuka desibeli 6, lakini mwangwi wa ukumbi hubaki karibu vilevile. Kwa hiyo tarumbeta hukaa nyuma kabisa na fidla mbele yao kwa safu. Ngoma hutengwa upande wake, maana hupenya kwenye maikrofoni ya kila mtu, na mwimbaji huwekwa nyuma ya kizuizi au kwenye kibanda. Anayepiga peke yake katikati ya beti husogea kwenye maikrofoni kwa kunyata, akamaliza, akarudi kwa kunyata. Kiti kikilia, wote huanza upya.

Na mengi huharibika. Feni hulazimika kuzimwa, joto likapanda, nyuzi zikalegea. Masika ya Bombay, Juni hadi Septemba, hulegeza ngozi ya tabla, ikabidi igongwe kwa nyundo na kupimwa tena kabla ya kila jaribio. Karatasi ya maneno ikigeuzwa husikika. Herufi zenye pumzi, ph, bh na kh, ambazo Kihindi kimejaa, hupiga maikrofoni kama kofi. Dawa yake ni kusimama shibiri moja au mbili kutoka kwenye maikrofoni, kuiweka kando kidogo ya mdomo, na kugeuza uso wakati wa kuvuta hewa. Kwenye noti ya juu mwimbaji hurudi nyuma nusu hatua. Talat Mahmood, aliyefanya ziara Afrika Mashariki 1956, alikuwa na sauti laini yenye kutetemeka ambayo bila maikrofoni isingevuka safu ya tatu. Sauti kama yake ni mtoto wa chombo hiki.

Mfano bora wa umbali ni wimbo Aayega Aanewala wa picha ya Mahal (1949), lahani ya Khemchand Prakash. Sauti ya mzimu ilitakiwa itoke mbali ikikaribia. Lata amesimulia kwamba maikrofoni iliwekwa katikati ya chumba, yeye akaanzia pembeni, akatembea huku akiimba beti ya utangulizi, akafika kwenye maikrofoni pale kiitikio kinapoanza. Akichelewa hatua moja, ni kurudia. Santuri ya kwanza iliandikwa imeimbwa na Kamini, jina la mhusika wa kwenye picha!

Kabla ya mkanda wa sumaku kuenea katika miaka ya 1950, sauti ilichorwa kwa mwanga juu ya filamu. Ubaya wake ni kwamba huwezi kujisikiliza hadi filamu isafishwe maabara. Ikisafishwa vibaya, kila "s" na "sh" hugeuka mchakacho. Juu ya hetsi 8,000, yaani mitetemo 8,000 kwa sekunde, sinema ilipoteza karibu kila kitu, na nadhani hii ni sehemu ya sababu sauti nyembamba ya juu iliwashinda wenye sauti nzito: ilikaa palepale spika za zamani zilipokuwa na nguvu. Santuri ya inchi 10 ya mizunguko 78 nayo ilibeba dakika 3 na ushei kila upande, hivyo wimbo ulipunguzwa, au ukaimbwa upya kwa ajili ya santuri. Ubeti ukikosekana kwenye santuri, usidhani imeharibika.

Ndipo kamera ikaja. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, futi 90 kwa dakika, na wimbo ulipigwa picha vipande vipande. Kila kipande sauti ilianzishwa mistari kadhaa kabla, mwigizaji aidake. Mwigizaji mzuri aliimba kwa sauti hasa, maana anayechezesha midomo tu, mishipa ya shingo yake imelala, na macho ya mtazamaji huona. Umbali nao hurudi kudai haki yake: sauti husafiri karibu meta 343 kwa sekunde, kwa hiyo mwigizaji aliye meta 14 kutoka kwenye spika huchelewa fremu moja. Kwenye bustani za Kashmir, meta 50 ni fremu tatu na nusu, na hapo midomo imeshaachana na wimbo. Spika husogezwa karibu na kufichwa, au mhariri huichelewesha sauti kwa fremu hizo.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa chumba cha projekta, Bombay au Zanzibar. Kwenye filamu ya mm 35 sauti husomwa kama fremu 20 mbali na lenzi inapoonyesha picha yake. Kati ya hapo filamu huachiwa mkunjo, na mwendeshaji akiulegeza kupita kiasi au akiukaza, midomo huteleza kuanzia mwanzo wa rili hadi mwisho wake. Rili ikibadilishwa, midomo ikarudi mahali pake, basi mkosaji alikuwa mkunjo.