"Signali imekata" ndo kisingizio kikuu cha ndege za rimoti

Ukikaa na watu wanaorusha ndege za rimoti kuna sentensi moja lazima utaisikia kila ndege ikidondoka: signali imekata. Ndege imeingia chini pua kwanza, bawa limebaki huku mkia uko kule, mwenyewe anaenda kuokota vipande taratibu, na kabla hujamuuliza kitu ameshakujibu, signali imekata bwana. Huwa nampa pole na kunyamaza, manake mtu akiwa na machungu sio muda wa kubishana, lakini nikirudi hapa kwenye blogu yangu nasema wazi: mara nyingi signali wala haikukata, ile ndege ilianza kuanguka tangu ikiwa mezani.

Zamani ungeweza kumwelewa mtu. Rimoti za Marekani zilikuwa kwenye megahezi 72, Uingereza na nchi nyingi za Ulaya megahezi 35, na kila mtu ana chaneli yake, sasa wawili wakiwasha chaneli ile ile kwa pamoja basi imekula kwake yule ambaye ndege yake iko hewani. Ndo maana viwanjani kulikuwa na ubao wa vibanio, kama hujashika kibanio cha chaneli yako rimoti yako inabaki imezimwa, na mtu akiwasha kimya kimya anatafutwa kwa macho makali. Siku hizi karibu zote ni gigahezi 2.4, unaibaindi, yaani unaiunganisha, rimoti na risiva yake (kile kipokezi cha ndani ya ndege), zinatambuana, na nyingi zinahamahama masafa zenyewe bila wewe kujua, hata mkirusha watu kadhaa uwanja mmoja hakuna anayemwingilia mwenzake. Sisemi haikati kabisa. Antena ya risiva ikiwa imekatika ncha, au umeilaza kando ya betri na vyuma, au mwili wa ndege ni kaboni na umeifungia humo ndani, itakata tu. Ila hiyo nayo ni kazi yako, sio ya hewa.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa ni umeme. Ndege nyingi za mota zina betri moja tu ya lipo (litiamu polima), na hiyo hiyo inalisha mota pamoja na risiva na sevo zote, vile vimota vidogo vinavyosogeza mabawa na mkia. Pale katikati kuna ESC, kile kidude kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota, na ndani yake mara nyingi kuna sehemu inayoshusha volti za betri mpaka kama 5 hivi kwa ajili ya risiva na sevo. Sasa chukulia sevo moja ya eleroni (kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoinamisha ndege kushoto na kulia) imebana, ule waya mgumu wa kusukumia eleroni unagusa mahali, muda wote inasukuma na haifiki inapotaka, inavuta umeme kupita kiasi, halafu wewe huku chini unavuta stiki zote kwa nguvu ugeuze. Volti zinashuka, risiva inazima na kuwaka upya. Zile sekunde chache ndege haina mwenyewe. Ukiwa chini unaona kabisa unasukuma stiki na hakuna kitu, kwa hiyo utaapa signali imekata, kumbe rimoti ilikuwa inatuma kama kawaida na risiva ndo ilikuwa imezimia. Kuna risiva ambazo baada ya hapo zinabaki zinapepesa taa kukuonyesha kwamba zilikosa umeme, so kabla hujazima chochote iangalie kwanza.

Dawa yake ni masikio tu. Washa rimoti kwanza, halafu ndege (kuzima ni kinyume chake, ndege kwanza rimoti mwisho, hili usilichezee), acha stiki katikati, sogeza sikio karibu na kila sevo. Sevo nzima ikitulia inanyamaza au inatoa mlio mdogo sana. Ukisikia inanung'unika bila kukoma ujue kuna kitu inapigana nacho, fungua, legeza ule waya wa kusukumia, usogeze tundu moja kwenye mkono wa sevo, isikilize tena.

Na betri zenyewe jamani. Seli ya lipo ikijaa ni volti 4.2, tunaihesabu kama 3.7, na ukiishusha chini ya 3 ushaiumiza, inaweza isirudi kama zamani. Betri ya seli tatu kwa hiyo inajaa kwenye 12.6. Watu wanairusha mpaka ndege ilegee, ESC ikate mota ili kubakiza umeme wa sevo, halafu anashangaa kwa nini baada ya muda mfupi betri imevimba. Weka taima kwenye rimoti, shuka betri ikiwa bado na kama asilimia 20. Kama hurushi karibuni usiiache imejaa wala tupu, iache kwenye 3.8 kwa kila seli, chaja nyingi zina sehemu yake ya kuhifadhi. Kuchaji, kama ni ya miliampia 2200 basi ampia 2.2 inatosha, weka na ile plagi ndogo ya kusawazisha seli, na usiondoke. Usiende kulala, usiende dukani. Lipo ikishika moto haizimiki kirahisi. Ikivimba usiitoboe wala usiseme itasogea kidogo, hiyo imeshastaafu.

Baada ya umeme ni mizani. Hapa ndo naona watu wanapuuza kabisa, ndege imetengenezwa vizuri, imepakwa rangi, stika zimenyooka, lakini mizani hajapima. Ndege nyingi za kawaida zinatakiwa zitulie ukizinyanyua kwa vidole viwili chini ya bawa, mahali fulani kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele, mwongozo wa ndege yako utakuambia hasa wapi. Ikiwa nzito puani utalalamika tu, inataka mbio ndefu, inatua kwa kasi, basi. Ikiwa nzito mkiani hutapata hata muda wa kulalamika, ikiondoka inanyanyua pua, unashusha, inazidisha kushuka, unavuta, inapaa tena, na hapo kila unachofanya kinakuwa kingi mno. Na ujanja wa mizani ni kwamba inabadilika bila wewe kujua: umenunua betri kubwa kidogo, umerekebisha mkia kwa gundi nyingi, gundi ya mkiani ina uzito mara mbili tatu ya gundi ya puani kwa vile iko mbali. Pima upya kila ukitengeneza kitu, na betri ichorewe mstari kwa kalamu ndani ya ndege ili ikae pale pale kila siku.

Alafu kuna rubani mwenyewe, tusimsahau. Ndege ikiwa inakuja kwako kushoto na kulia vinabadilishana, unaona imeinamia upande huu unaipeleka upande ule, inazidi kuinama. Njia rahisi, ikija kwako sukuma stiki ya eleroni kuelekea kwenye lile bawa lililoshuka, usifikirie zaidi ya hapo. Kingine ni upepo. Ndege ikienda na upepo kwa macho yako iko kasi, unaipunguzia moto, yaani nguvu ya mota, kumbe hewa inayopita juu ya bawa ni ndogo, unakata kona kuja kutua, unavuta eleveta (kile kipande cha mkiani kinachonyanyua na kushusha pua) ili isishuke, bawa la ndani linaacha kubeba na ndege inajipindua kwenda chini. Hakuna signali iliyokata hapo. Ni kuvuta stiki ndege ikiwa pole pole, na ukihisi imelegea unachotakiwa kufanya ni kinyume cha moyo wako: achia eleveta, shusha pua, ongeza moto.

Nikiwaambia watu haya wananiona mbishi, ndo huwa nawaletea habari ya Maynard Hill. Huyu mzee Mmarekani na wenzake, Agosti 2003, walirusha ndege ndogo ya balsa na fiberglasi iitwayo TAM-5 kutoka Newfoundland huko Kanada, ikavuka Atlantiki ikatua Ireland, zaidi ya kilomita 3,000, kwa saa 38 na dakika 52. Uzito wake na mafuta yote haukufika kilo 5, injini ni ya cc 10 tu, na wakati huo macho ya Hill yalikuwa yameshaharibika sana. Sasa hapo katikati ya bahari nani alishika rimoti? Hakuna. Walioirusha waliiongoza mwanzoni, waliokuwa Ireland waliipokea na kuitua, huko kwingine kote ilienda na GPS na otopailoti. Safari karibu nzima ndege haina signali ya mtu yeyote, na imefika. Kabla yake nyingine zilishindwa, lakini wale hawakukaa kulaumu hewa, walirudi kwenye kabureta, kwenye mafuta, kwenye uzito, gramu kwa gramu.

Matengenezo mengine nayapitia haraka. Propela ikipata pengo hata dogo itupe, usiibandike gundi, ikizunguka maelfu kwa dakika hiyo gundi inaondoka na kipande na hujui kinaelekea uso wa nani. Ukiwa unaseti rimoti mezani propela itoke kwanza, mota ya umeme haikuonyi, inaamka tu. Ndege za lile povu jeupe la kwenye maboksi ya TV usizipake supaglu ya kawaida, inalila mpaka linabaki tundu, tafuta gundi inayokubaliana na povu. Wenye injini za methanoli, ukimaliza siku iache injini izunguke mpaka imalize mafuta yote yaliyobaki na uweke matone ya oili ndani, la sivyo yale mabaki yanavuta unyevu na beringi zinapata kutu. Bawaba zote zivute kwa kidole, kidogo tu. Na ukishafungua bawa ukalirudisha, peleka stiki kulia uone eleroni ya kulia inapanda, kwa sababu plagi zilizobadilishana zimeua ndege nyingi sana kwenye sekunde ya kwanza ya kuruka.

Kama bado unaamini ni signali, ipo njia ya kujua. Kabla ya kuruka fanya jaribio la umbali, rimoti nyingi zina sehemu ya kupunguza nguvu, iweke hapo, ondoka hatua kama 30, mwenzako ashike ndege akuambie kama kila kitu bado kinacheza. Seti na failsefu, yaani ikikata kweli mota izime yenyewe. Na ikianguka usikimbilie kuchomoa kila kitu. Moto uwe chini kabisa, hakikisha hakuna moshi, simama nyuma ya propela, sogeza stiki. Sevo zikiitika, ujue risiva bado inakusikia, anza kutafuta kwingine: kile kibanio cha plastiki cha waya wa eleveta kimechomoka? Betri imeteleza nyuma ya ule mstari wa kalamu? Volti zimebaki ngapi? Ukishapata picha, chomoa betri uiweke peke yake mahali pa wazi, mbali na gari na majani makavu, uiangalie kwa muda, manake lipo iliyopigwa inaweza kukaa kimya kwa dakika nyingi ndo ianze kufuka.