Rangi ya ndani haisemi habari ya sukari

Mama alipoambiwa ana sukari, hakuuliza habari ya dawa. Aliuliza: "Na ndizi zangu?" Alimaanisha kamaramasenge, zile ndogo tamu alizozoea tangu utotoni Walungu. Hapa Kadutu, Bukavu, kila jirani alishamwekea sheria yake: ndizi ndogo haina neno, Gros Michel, ile kubwa, ndiyo mbaya, papai jekundu linaponya, la njano halifai kitu, marakuja (pasheni) ni dawa kabisa.

Nikaamua kupima mwenyewe. Bandeleti, vile vipande vya kupimia damu kwenye mashine ya sukari, ni ghali, kwa hiyo nilichagua matunda machache. Mama alipima asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani, akala tunda peke yake, gramu 150, akapima tena baada ya saa moja.

Kamaramasenge na Gros Michel hazikuachana sana. Kilicholeta tofauti ni kuiva. Ndizi yenye madoa meusi ilimpandisha kuliko ile ya njano yenye ncha bado za kijani, hata zikitoka mkungu mmoja. Ndizi changa imejaa wanga, na kadiri inavyoiva wanga huo unageuka sukari. Jirani aliangalia ukubwa, kumbe angehesabu siku.

Marakuja ndiyo iliyonishangaza. Mama hukamua, huchuja mbegu, kisha huongeza vijiko vitatu vya sukari, "kidogo tu, iko kali." Siku hiyo mashine iliandika 238 mg/dl, namba kubwa kuliko zote. Na tunda lenyewe halina kosa! Lina nyuzinyuzi karibu gramu 10 katika kila gramu 100, ila nyingi zimo kwenye mbegu, na sisi tulikuwa tukizichuja na kuzitupa. Sasa anakula kwa kijiko, mbegu na yote, bila sukari. Alinuna wiki nzima.

Kwenye mapera nilipata somo kutoka kwa mama muuzaji wa soko la Nyawera. Alinipasulia moja: "Mama, ona, hii iko nyekundu, iko na damu." Ule wekundu ni likopeni, rangi ileile ya nyanya, na pera jeupe halina. Damu haimo. Lakini hakukosea kabisa, maana pera lina vitamini C karibu miligramu 228 kwa gramu 100, wakati chungwa lina kama 53, na vitamini hiyo husaidia mwili kuchukua chuma cha maharage na lengalenga (mchicha), na chuma ndicho kinachojenga damu. Ndiyo maana mama nampa pera baada ya chakula cha mchana, na chai nimeisogeza mbali kwa sababu inazuia chuma hicho. Kwa upande wa sukari, jekundu na jeupe yalitoka sawa. Papai nalo hivyohivyo.

Nanasi la Idjwi sikulipima, bandeleti ziliisha. Avoka (parachichi) nayo niliiacha, haina hata gramu moja ya sukari kwa gramu 100, na mama anasema si tunda bali mboga ya kulia bugali.

Tulikubaliana na muganga: ndizi moja ndogo, ngumungumu, pamoja na chakula. Juzi nikifagia nikakuta maganda matatu chini ya kitanda, yote yana madoa meusi. Nilileta mashine. Akaficha vidole ndani ya kitenge akasema leo ni Jumapili.