Kuzunguka Ghuba na Shemeji

Wageni wengi wakija Mwanza hupelekwa kwenye Jiwe la Bismarck, wakapigwa picha, wakalishwa sato, kisha wakasindikizwa stendi. Wanarudi kwao wakisema wameiona Mwanza. Siwalaumu wao, nawalaumu wenyeji. Mgeni anayejua kuendesha pikipiki anastahili kupewa njia, na njia haipewi mtu kwa kutajiwa majina ya vituo. Unatangulia mbele yake, unapunguza mwendo pale panapotaka kupunguzwa, unasimama pale panapotaka kusimamwa, na mkifika nusu unampisha atangulie yeye.

Hivyo ndivyo nilivyompa shemeji yangu mzunguko wa Ghuba ya Mwanza, ule mkono wa Ziwa Victoria, Desemba 2021.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Lushoto. Likizo ile alikuja nyumbani Mkolani kwa basi, yeye na mtoto. Mumewe alikuja kwa pikipiki: akashuka Mombo, akapita Same, Moshi, Arusha, Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, akilala njiani. Alipoingia uani kwetu nguo zilikuwa zimeshika vumbi mpaka rangi haijulikani. Mama alimshika mikono yote miwili, akamzungusha, akamkagua mgongo kana kwamba alitarajia kuukuta umekatika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kaa kwanza. Maneno baadaye."

Maneno yalikuja baada ya ugali. Shemeji ni mtu wa milima ya Usambara, kazaliwa kwenye kona na mteremko. Akasema barabara ni nzuri sana, ila tangu aiache Singida alikuwa anaendesha kwenye meza, na hapa Mwanza alichokiona ni mawe, milima hajaiona.

"Shemeji, kesho usilale sana," nikamwambia.

Asubuhi tulijaza matenki, tukakaza cheni, tukashika barabara ya Kenyatta kupitia Nyegezi, Butimba na Mkuyuni hadi mjini, tukaingia foleni ya feri ya Kamanga. Magari hupakiwa kwanza, pikipiki zinajazia nafasi zilizobaki. Ukishapanda unazima injini, unaiacha kwenye gia, na hukai mbali nayo. Shemeji aliishika yake mkono wa breki mwanzo mpaka mwisho. Ziwa hajalizoea, na sikumwambia aiachie.

Nilimtaka aiangalie Mwanza kutoka majini, kwa sababu ukiwa ndani yake huioni. Hospitali ya Bugando ipo juu ya kilima chake. Nyumba zimepanda majabali ya Igogo moja juu ya nyingine, nyingine zimeegemea jiwe kabisa, ukuta mmoja wa matofali na mwingine wa Mungu. Kisiwa cha Saanane kikatupita pembeni. Shemeji alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza watu wa kule juu wanapandishaje maji. Nikajua ameanza kuona.

Ng'ambo ya pili, Kamanga, dagaa walikuwa wameanikwa mchangani na kina mama wakiwageuza kwa mikono. Hapo lami ikaisha. Barabara ya kutoka Kamanga kwenda Sengerema kwa kupitia Katunguru wakati ule ilikuwa ya vumbi, na mvua za vuli zilikuwa zimeilaza vumbi yote, ikawa imebaki nyekundu na imeshikana. Mimi mbele, yeye nyuma. Tulikubaliana ishara: mguu wa kushoto nikiuning'iniza, kuna shimo kushoto, wa kulia, kulia, mkono juu, simama.

Njia yenyewe ni ya vilima vifupi vinavyofuatana. Unapanda kwa gia ya pili kati ya majabali, juu kileleni unaliona ziwa, unashuka kwenye bonde la mpunga, ziwa linapotea, unapanda tena. Pembeni kuna mihogo, pamba, na ng'ombe ambao hawana haraka na yeyote. Chini ya kila kilima, pale maji ya mvua yanapotua mzigo wake, kuna mchanga mwingi, na mchanga huo ndio unaoangusha watu. Tairi la mbele linaanza kuogelea, na mkono unatamani breki. Usishike. Tazama mbali, shikilia mafuta yale yale, uiache pikipiki itafute njia yake. Nilipunguza mwendo kabla ya kila mchanga na kumwonyesha kwa mguu, na kwenye kioo nilimwona akipita wima.

Kwenye miteremko yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi nilizoea kushuka na breki ya nyuma. Tuliposimama kunywa maji akaniambia kwao, kwenye barabara ya Soni, mtoto anafundishwa kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia, injini yenyewe ikushike, breki ubaki nayo kwa dharura. Nikajaribu mteremko uliofuata. Ile changarawe iliyokuwa ikinitisha miaka yote ikatulia chini yangu.

Saa nne hivi wingu likatukuta. Mvua za ziwa letu huumbika usiku juu ya maji, na asubuhi upepo wa mashariki huzisukuma upande huu wa magharibi wa ghuba. Tuliliona likija, tukaona jabali lililobebwa na jabali lingine na kuacha uvungu mkubwa, tukasukuma pikipiki humo. Mlikuwa na mzee mmoja tayari, na mbuzi wake, na fimbo.

"Mwangaluka, baba," nikasalimia kwa Kisukuma.

Akaitikia kwa furaha, akaanza kuniuliza ukoo. Shemeji akasema shikamoo, mzee akamgeukia na Kiswahili. Akamsogezea pa kukaa palipo pakavu zaidi.

Mvua ilipiga hasa. Shemeji akatazama juu, lile jiwe lililokaa juu ya wenzake kama limewekwa kwa mkono, akauliza nani aliyapanga. Mzee akasema yeye aliyakuta, na babu yake aliyakuta. Mimi nikaeleza nilivyofundishwa shuleni: kwamba hii ni granaiti, zamani ilikuwa chini ya ardhi, ina nyufa, maji yakapita kwenye nyufa yakaiozesha taratibu pembeni mwake, na udongo ule uliooza ulipochukuliwa na mvua, yakabaki yale mabonge magumu ya katikati yamekaliana palepale yalipokuwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Basi mvua hii hii," akasema, na akaonekana kuridhika na jibu hilo.

Kisha akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Sengerema, halafu Busisi, tuvuke Kigongo turudi nyumbani. Akatikisa kichwa. Kwa mvua hii, akasema, barabara ya chini haifai, mbele kuna mbuga, na udongo mweusi ukilowa utajaa kwenye madigadi mpaka tairi ligome kuzunguka. Piteni juu. Juu ni luseni, udongo wa mchanga, mvua ikikatika tu unakauka.

Akachora kwa ncha ya fimbo, kwenye vumbi kavu la uvunguni. Niliinama karibu nione. Mstari wa kwanza ulikuwa mgongo wa kilima. Akaweka kokoto: jiwe lenye mpasuko. Akaweka kinyesi kikavu cha mbuzi: mwembe wenye mashina mawili. Akaburuta fimbo kushoto, akaiinua, akaitua tena mbele kidogo. Pale alipoinua, akasema, njia inakatika kwenye mwamba mtupu, lakini msiogope, ivukeni hivyo hivyo, mtaiona ng'ambo. Halafu akachora alama ya msalaba upande mmoja na kuigonga.

"Hapa ndipo watu wanapotea. Wanaona maji, wanayafuata. Mkiliona ziwa mbele yenu, mmepotea. Liwe kushoto."

Sijasahau sentensi hiyo, kwa sababu nilizaliwa pembeni ya ghuba hii na hakuna mtu aliyewahi kunieleza vizuri hivyo. Ufukwe wetu una vidole vingi. Ziwa linaingia nchi kavu huku, linatoka, linaingia kule, na mtu asiye mwenyeji akilichukua ziwa kuwa dira yake litampeleka kwenye rasi na kumwacha hapo.

Mvua ilipokatika tukamshukuru. Wabeja sana, baba. Shemeji naye akasema wabeja, na mzee akacheka na kumpa mkono mara ya pili.

Nikampisha shemeji mbele.

Ile njia ya juu ni ya ng'ombe, upana wake kwato nne. Luseni ilikuwa imelowa juu tu, tairi zikishika vizuri. Shemeji alisimama kwenye vikanyagio, magoti yamebana tenki, akaenda polepole. Alipofika jiwe lenye mpasuko akanyoosha mkono kulionyesha. Alipofika mwembe akapiga honi. Kwenye mwamba mtupu akasimama, akashuka, akautembea kwa miguu kwanza mpaka akaona njia inapoanzia tena, ndipo akarudi kuichukua pikipiki. Nilifurahi kuliko kama ningetangulia mimi.

Kileleni tulizima injini. Ghuba yote ilikuwa chini yetu. Mashariki ng'ambo ya maji palionekana Mwanza, ndogo, mabati yaking'aa baada ya mvua. Kaskazini lilikuwa ziwa lenyewe, halina mwisho, na mbali juu ya maji walikuwa wameinuka wale wadudu wa ziwa, moshi mrefu mweusi unaosimama bila moto. Kwa nyuma yetu, upande wa Sengerema, vilima vilifuatana kijani kwa kijani, kila kimoja na rundo lake la mawe kichwani.

"Nimeondoa neno," shemeji akasema. "Hii ni milima."

Kwetu ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata saa sita ile upepo wa pale juu ulikuwa wa kuvaa koti. Tulikaa mpaka njaa ikatushusha. Kwenye kijiji cha kwanza tukakuta mama anauza matobolwa na karanga chini ya mti. Shemeji hakuwa amewahi kuona viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Alikula akanunua tena, akafunga kwenye mfuko kwa ajili ya mkewe, kana kwamba mkewe hakukulia kwa matobolwa.

Sengerema tulipita tu. Kutoka pale hadi Busisi ni lami, na lami nzuri unaifurahia kwa mwendo, haina mengi ya kusimulia.

Busisi kulikuwa na foleni ya malori na mabasi, na kina mama wakikimbia dirisha hadi dirisha na samaki na mananasi. Tukavuka jioni. Pembeni ya feri nguzo za daraja zilikuwa zinatoka majini, nyingine zimefika juu, nyingine bado nondo tupu. Abiria wote walikuwa upande huo wakizihesabu. Daraja hilo la John Pombe Magufuli, la Kigongo–Busisi, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Lina urefu wa kilomita 3 na unalivuka kwa dakika chache. Nimelipita kwa pikipiki na nimelipenda. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri feri usiku hawasubiri tena, na hilo pekee linatosha. Lakini kila nikilipita nawafikiria wale kina mama wa mananasi, na kwa wanaotaka mzunguko huu nawashauri waanzie Kamanga na daraja waliache liwe la kurudia. Ghuba ujue ni maji kwanza.

Kwenye feri ile ndipo shemeji alipoilipa njia niliyompa. Alitoa risiti ya mafuta mfukoni, akaigeuza, akaandika akiwa ameiegemeza kwenye tenki. Mombo hadi Lushoto, kilomita 33, lami yote, kona hazina idadi. Simama Soni, maporomoko yako kando ya barabara. Lushoto pumzika. Irente nenda saa za jioni, uone tambarare ya chini jua likiwa upande wako. Kisha vumbi mpaka Mtae. Hapo akaacha kuandika akaanza kueleza kwa mikono: kwamba Mtae kijiji kimekaa ukingoni kabisa, nyumba zinafuata mgongo wa mlima, na chini yake ni nyika ya Mkomazi, kwamba kukiwa hakuna mawingu unaiona Kilimanjaro. Ukungu ukikukuta, akasema, usishindane nao, ingia nyumba yoyote, utapewa chai. Akaandika na hilo pia.

Tulifika Mkolani usiku umeingia. Mdogo wangu alisikiliza habari zote huku akila matobolwa yake, kisha akasema amekulia hapa na huko juu hajawahi kufika, wala hajawahi kupelekwa na kaka yake. Mama akasema mtoto atabaki naye.

Alfajiri waliondoka wawili. Shemeji hakuniuliza njia. Mchana nikapigiwa simu, upepo mwingi ndani yake, na sauti ya mbuzi.

"Shemeji, mzee anakusalimu. Anasema mvua ya usiku imekata njia pale kwenye mwembe, tupite juu zaidi, kwenye mashamba ya mihogo. Amenichorea. Nikirudi nitakuchorea na wewe."