Likizo ya Tatu Nilipopewa Jembe

Nimefanya kazi nje ya nchi kwa miaka 7, na katika muda huo nimerudi nyumbani kwa likizo mara 3. Mara mbili za kwanza nilirejea kazini nikiwa nimechoka kuliko nilivyoondoka, na kwa muda mrefu niliamini kwamba tatizo lilikuwa uchache wa siku. Safari ya tatu siku zilikuwa zilezile. Nilichobadilisha ni namna ya kuzitumia, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Mwajiri wangu hutoa wiki 3 za likizo yenye malipo kwa mwaka, kiwango ambacho Mkataba Namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, umekiweka kuwa cha chini kabisa. Wiki hizo husikika kuwa nyingi mpaka uanze kuzipunguza: siku 2 za kwenda, 2 za kurudi, na zile ambazo mwili uko nyumbani lakini usingizi bado uko ughaibuni. Kati ya ninakofanya kazi na nyumbani kuna tofauti ya saa 8, na ninaporudi ninaelekea mashariki, upande ambao mwili huuzoea kwa shida zaidi. Kwa kawaida mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, hivyo wiki nzima ya kwanza nilikesha usiku na kusinzia kitini asubuhi, saa ileile ambayo watu walikuwa wakija kunitazama.

Katika safari ya kwanza nilikuwa nimetangaza tarehe ya kufika kwa kila mtu. Matokeo yake nilitembelea nyumba 19 katika siku 11, na kila nyumba iliniuliza maswali matatu yaleyale: umefika lini, unaondoka lini, na huko kukoje. Nilikuwa na jibu la dakika moja kwa kila swali, na kufikia nyumba ya kumi nilikuwa ninalisema kama mtu anayesoma tangazo. Nilipopiga hesabu ndani ya ndege ya kurudi niligundua kwamba sikuwa nimekaa na baba yangu, sisi wawili tu, hata kwa saa mbili.

Safari ya pili niliongeza zawadi, kana kwamba upungufu ulikuwa wa vitu. Sanduku lililokuwa na zawadi zote halikufika pamoja nami. Shirika la ndege lilinijulisha kwamba linatafutwa, na mimi nikajifunza kwa lazima kwamba chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 mzigo unaweza kuhesabiwa kuwa umepotea iwapo siku 21 zitapita bila kufika. Yaani, kwa upande wangu, mwisho kabisa wa likizo. Lilifika siku ya tisa. Siku nane hizo niliwaeleza watu habari za sanduku badala ya kuzungumza nao, na nadhani wengi wao hawakulijali hata kidogo.

Lakini jambo lililonizindua lilitokea usiku mmoja katika safari hiyohiyo. Niliamka kwenda chooni, nikapapasa ukuta wa ukumbini mahali ambapo mkono wangu umezoea swichi ya taa tangu utotoni, nikakuta ukuta mtupu. Nikapapasa juu, nikapapasa chini, mpaka nikaangusha kiti. Mama akaita kutoka chumbani: "Ilihamishwa upande wa pili siku nyingi, mwanangu. Subiri hapohapo, nakuja kukuwashia." Swichi kuhamishwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mama, kwa umri wake, aliamka kumwashia taa mtu mzima, kama anavyoamkiwa mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya kumi na nane nilikuwa bado ninavutiwa kiti kizuri na kunyang'anywa fagio mkononi.

Kwa hiyo maandalizi ya safari ya tatu yalianza miezi kadhaa mapema, na hayakuanza na tiketi. Nilimpigia simu kaka yangu nikamwomba aniachie kazi moja ya nyumbani inayohitaji siku kadhaa na isiyowezekana bila baba. Alicheka, akafikiri, kisha akasema: "Basi ipo stoo." Stoo ile ilikuwa imejaa vitu vya miaka thelathini, kila mwaka ilipangwa isafishwe na kila mwaka iliahirishwa, kwa sababu baba haruhusu kitu kitupwe kabla hajakitazama mwenyewe. Sikuweza kuombea kazi bora zaidi ya hiyo.

Mambo ya karatasi niliyamaliza haraka, ingawa hayana mchezo. Kabla ya kulipia tiketi nilihakikisha kwamba kibali changu cha kuishi hakingekwisha nikiwa likizoni na kwamba kinaniruhusu kutoka na kuingia tena. Nikatazama pia pasipoti, kwa kuwa nchi nyingi hutaka ibaki na uhai wa angalau miezi 6. Namfahamu mwenzetu aliyekwenda kusalimia wazazi kwa wiki mbili akakwama kwa miezi minne kwa ajili ya muhuri mmoja.

Fedha nazo niliziwekea mpaka mapema. Nilitenga kiasi cha kusaidia ndugu, nikamkabidhi dada yangu siku ya kwanza, naye akawa ndiye anayeamua, kwa sababu anajua shida ya kweli iko wapi na mimi ninajua tu nani ana sauti ya huzuni zaidi.

Tarehe ya kufika safari hiyo waliijua watu wa nyumbani peke yao. Siku nne za kwanza hazikuwa na ratiba yoyote, nikalala nilipotaka kulala. Baada ya hapo tukapanga siku moja ya jamaa na marafiki wote kukutana nyumbani, na wazee watano ambao hawawezi kuitwa nikawafuata mwenyewe mmoja mmoja, bila kuangalia saa. Wapo walionuna. Shangazi yangu mmoja aliona kwamba kuitwa pamoja na wengine ni kushushwa hadhi, na mpaka leo salamu zake kwenye simu ni fupi. Sina dawa ya hilo. Siku 21 haziwezi kumridhisha kila mtu, na heri kukosana kidogo na shangazi kuliko kuondoka tena bila kuongea na baba.

Kuhusu marafiki, niliacha kuwakutanisha ili tukae tutazamane. Mmoja wao, tuliyesoma pamoja tangu darasa la kwanza, nilimwomba anichukue katika shughuli zake za kawaida. Nilikaa pembeni yake akipeleka watoto shule, nikasimama naye kwenye foleni, nikamsubiri nje ya ofisi mbili. Utani mwingi wa wenzake sikuuelewa, maana ulihusu mambo yaliyotokea nisipokuwepo, na nilijizuia kuomba tafsiri kila mara. Wakati fulani nililalamikia foleni nikasema, "Huku kwenu mambo huenda polepole." Akageuka akaniuliza, kwa utulivu kabisa: "Kwenu na nani?" Tulicheka wote wawili, lakini neno lile sikulitamka tena, na nilianza kusikia ni mara ngapi lilikuwa linanitoka bila mimi kujua.

Stoo ilichukua siku sita. Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nikitoa kitu kimoja kimoja na kukiweka mbele yake. Redio isiyo na kifuniko cha nyuma, ibaki. Mwavuli wa mbavu tatu, utupwe. Hapana, ubaki kwanza. Siku ya tatu nilimpa mkebe wa funguo, zaidi ya arobaini, ambazo makufuli yake hayapo tena. Alizichambua zote, akitaja mlango wa kila moja anayoikumbuka. Katikati ya kazi hiyo, bila kuinua macho kutoka kwenye mkebe, akaniambia kwamba mwaka uliotangulia alianguka bafuni akalazwa siku mbili, na kwamba yeye na mama walikubaliana nisiambiwe. Wiki zile zote tulikuwa tunaonana kwenye simu ya video kila Jumapili. Yeye anakaa wima kwenye kiti chake, mimi ninamwambia kwamba anaonekana mzima.

Sikumlaumu. Nilimwambia kwamba nami mwaka huohuo nilisimamishwa kazi kwa miezi miwili na sikuwaambia. Aliniangalia kwa muda, akafunga mkebe, akasema: "Basi tuko sawa." Tangu hapo tumeafikiana kwamba habari mbaya zipite kwenye simu kama nzuri, na mpaka sasa zimepita mbili, moja kutoka kila upande.

Siku ya mwisho stoo ilikuwa imebaki na kasha moja la mbao, zito, lililofungwa kwa kamba. Nilikuwa nimekwisha kushika ncha ya kamba baba alipoweka mguu juu ya kasha. "Hilo liache," akasema. "Utalikuta." Nilichukua kipande cha karatasi, nikaandika jina langu, nikalibandika juu yake, kisha nikaenda kufunga mizigo yangu.