Wageni na Wasio Wageni

Mwaka 2011 nilikuwa msaidizi wa kufundisha historia katika chuo kimoja cha Ohio. Profesa wangu alisafiri, akaniachia kipindi cha Vita vya Pili vya Dunia na bahasha ya nakala. "Usiwahutubie. Wagawie karatasi, kisha nyamaza."

Mimi niliyesomeshwa kwa chaki na ubao, mwalimu anaandika sisi tunanakili, niliona huo ni uvivu. Usiku nikaandika kurasa saba: Rais Roosevelt kutia saini Amri 9066, iliyoruhusu jeshi kuwahamisha watu, tarehe 19 Februari 1942, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani kuhamishiwa kambini kutoka Pwani ya Magharibi, theluthi mbili yao raia wa Marekani, hadi sheria ya 1988 iliyowapa manusura fidia ya dola 20,000 kila mmoja. Kila kitu kilikuwemo.

Dakika kumi hazijaisha, kijana wa nyuma kashalala, kofia usoni. Nikafungua bahasha. Si kwa hekima, kwa aibu.

Ndani mlikuwa na tangazo la jeshi lililobandikwa Los Angeles, la tarehe 3 Mei 1942. Watu wote wenye asili ya Kijapani, "wageni na wasio wageni", wawe wameondoka kabla ya saa sita mchana, Jumamosi tarehe 9. Msichana mmoja akaanza kusoma orodha ya vitu vya kubeba: matandiko na mashuka, ila godoro hapana; visu, uma, vijiko, sahani, mabakuli na vikombe vya kuwatosha wote nyumbani. Mizigo isizidi ile ambayo familia itaweza kuibeba yenyewe. Wanyama wa kufugwa marufuku. Jirani yake akahesabu kwa vidole: siku sita.

"Asiye mgeni ndiye nani?" mwingine akauliza.

Nilidhani mchapaji kakosea. Kwetu asiye mgeni ni mwenyeji, na mwenyeji anafukuzwaje kwake?

Yule wa kofia akainua kichwa. "Ni raia. Hawakutaka tu kuandika hivyo."

Basi wakalisaka neno "raia", kalamu mkononi, tangu juu hadi kwenye jina la Jenerali DeWitt chini kabisa. Halimo. Nami nilikuwa nimelitamka muda si mrefu, na hesabu yake juu, wala hakuna aliyegeuza shingo.

"Na wewe mwalimu, uko kundi gani?" Wa kofia tena. Baadhi wakacheka, wengine wakamkata jicho. Mimi nilicheka kweli, maana juma hilohilo nilikuwa nimejaza fomu ya kodi inayoniita "mgeni asiye mkazi", na huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu kulala Ohio na kukoroga theluji yake. Nikawaambia. Neno lao la "mgeni" katika fomu hizo ndilo hilohilo wanalowaitia viumbe wa sayari nyingine, kwa hiyo utani uliendelea kidogo.

Kipindi kilipokwisha, msichana wa orodha alibaki, begi begani.

"Na mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Wanyama marufuku. Siku sita. Mbwa wao waliachiwa nani?"

Nikazipekua kurasa zangu saba, yeye kasimama ananisubiri.