Pauni 9 kwa siku

Jana nimeliuza gari langu la dizeli, jamani. Tangu Novemba 2022, kuingia nalo katikati ya Bristol ni pauni 9 kwa siku, maana injini yake ni ya zamani na inachafua hewa. Halmashauri ya jiji hili ilitangaza dharura ya tabianchi Novemba 2018, ya kwanza Uingereza, ikaahidi kufikisha hewa ukaa sifuri ifikapo 2030. Nilipiga makofi kweli kweli. Wakati ule sikuwa na gari.

Siku hizi wanaoamua ni kamati za madiwani. Cheo cha meya wa kuchaguliwa wananchi walikipigia kura kiondoke, kikaondoka 2024. Niliwahi kwenda kuwasikiliza madiwani hao. Wanaongea hao, harusi ya kwetu inasubiri!

Sasa napanda basi. Likija.