Siku moja maishani mwangu: mtendaji wa mtaa Dodoma, siku ya mkutano

Saa 11 alfajiri. Mvua imepiga usiku kucha, na kabla hata sijabandika chai nawaza korongo. Huku kwetu pembezoni mwa jiji korongo limekata mtaa katikati, shule ya msingi iko upande huu na kaya nyingi ziko ng'ambo, na leo mchana tuna mkutano wa mtaa ambao ajenda yake kubwa ni watoto wasiofika shule.

Mimi ni mtendaji wa mtaa, Jiji la Dodoma lina mitaa 222 na huu wangu ni mmoja wapo. Watu wengi wananichanganya na mwenyekiti. Mwenyekiti walimchagua wenyewe Novemba 27, 2024, mimi ni mwajiriwa, kwenye mkutano yeye anaongoza mimi naandika muhtasari.

Saa 1 na nusu ofisini foleni ipo tayari. Barua za utambulisho za kuombea kitambulisho cha taifa NIDA, za kufungua akaunti benki, kijana mmoja kaleta fomu za mkopo wa chuo, bibi mmoja mjukuu wake kahamia kwake kutoka Manyoni na hajui aanzie wapi kumuingiza shule. Huyo nimeondoka naye kabisa maana nilikuwa naelekea huko huko.

Saa 3 shuleni. Nimekaa na mwalimu mkuu pamoja na afisa elimu kata, wao wana madaftari ya mahudhurio, mimi nimebeba rejista yangu ya wakazi, tukaanza kusoma jina moja moja na kuangalia kila mtoto anakaa wapi. Jamani ile kazi imetuchukua masaa mawili na nusu lakini natamani tungeifanya mwaka jana. Siku zilizonyesha, wanaokosekana ni wale wale, na karibu wote ni wa ng'ambo. Afu kuna wengine asubuhi wapo, mchana hawapo, kumbe wanaenda nyumbani kula, na mtoto wa darasa la pili akishavuka korongo mara mbili kwa jua la Dodoma harudi tena. Kwa miezi mingi mimi nilikuwa naletewa orodha imeandikwa "watoro" na nawaita wazazi ofisini nawasema kwa ukali, akina mama wa watu wanasimama mbele yangu kimya. Imeniuma sana, na nimemwambia mwalimu mkuu lile neno tuliache kwanza.

Saa 6 na nusu ugali wa uwele na mlenda, haraka haraka, huku napiga simu. Tangazo lilishabandikwa ofisini, limesomwa msikitini na kanisani, lipo kwenye grupu la WhatsApp, ila wazee hawana simu za hivo kwa hiyo bodaboda kazunguka na spika.

Mkutano tuliita saa 9, watu wamejaa saa 10 kwa sababu ni Machi na wako shambani wanapalilia mtama na alizeti, huwezi kuwalaumu. Mwenyekiti akasema mbukwenyi, salamu ya Kigogo, wakaitika, tukaanza.

Kwangu mimi mkutano unaamuliwa kwenye yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka kikao cha nyuma. Kikao kilichopita mama mmoja aliuliza mahindi tuliyochanga mwaka jana yaliishia wapi, na hakupata jibu. Leo nimesoma taarifa ya kamati ya shule mbele ya watu wote, magunia yaliyopokelewa, tarehe yalipoanza kupikwa na tarehe yalipoisha. Yule mama akasimama akasema "sawa, sasa tuendelee", na hapo ndo watu wakaanza kuchangia kweli. Yaani mtu aliyeuliza swali asipojibiwa haji tena, na hata akija atakaa nyuma kimya.

Baba mmoja akauliza, si elimu ni bure? Nikamjibu kwa Waraka wa Elimu namba 3 wa 2016: ada na michango ya lazima iliondolewa, ila chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki kwa mzazi, tunakubaliana wenyewe, na mtoto wa mzazi ambaye hajatoa hafukuzwi. Mwalimu mkuu akarudia hilo la mwisho mara mbili, vizuri sana. Wengine wakataka debe kwa kila mtoto. Bibi mmoja akanyoosha mkono, "Mwanangu mtendaji, mwezi huu vihenge vimebaki vumbi, debe utalitoa wapi?" Kimya. Tukakubaliana sasa hivi mwenye uwezo atoe kilo mbili za unga wa uji, debe lisubiri mavuno.

La korongo, ombi la kivuko linapanda kikao cha maendeleo ya kata na muhtasari wetu umeambatanishwa. Wakati tunasubiri, watu wazima kumi wamejitolea kwa zamu kuvusha watoto siku za mvua asubuhi na mchana, na maji yakizidi hakuna anayevushwa, mwalimu anapigiwa simu na mtoto haadhibiwi.

Saa 2 usiku namalizia muhtasari, nakala ya kata na nakala ya shule, ya shule naipeleka mwenyewe kesho. Mwalimu mkuu katuma meseji anataka majina ya zamu ya asubuhi. Upande wa Chamwino kunamulika radi. Nimeshawapigia wawili wa kwanza, wamesema saa 12 watakuwa pale korongoni.